Kuondoka Mapema Siyo Woga

 

Mwezi huu tumeona vizuri tuzungumze juu ya maafa yanayoletwa na mvua, na hasa tutazame upande wa Mbale na mlima Elgon. Mtu atasema, "Lakini sisi tunakaa Kiryandongo, nchi tambarare. Mlima unatuhusu nini?" Unatuhusu, na sababu ni tatu.

Kwanza, mlima huo umetuletea majirani. Mwaka 2010 serikali ya Uganda ilihamisha familia nyingi kutoka wilaya ya Bududa, iliyoko milimani juu ya Mbale, ikawapa ardhi huku kwetu upande wa Panyadoli. Wale tunaokutana nao sokoni Bweyale na kuwaita "watu wa Bududa" hawakukimbia bunduki kama wengi wetu. Wao walikimbia udongo.

Pili, watu wetu wanakwenda huko. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini na kutafuta kazi. Kwa hiyo vijana wetu wanafika Jinja na Mbale, wanapanga chumba, wanauza nguo, wanafanya vibarua vya ujenzi na mashamba. Tena wenzetu waliotoka Kenya mwaka 2008 walikaa kwanza Mulanda, karibu na Tororo, kabla ya kuletwa hapa. Upande ule si mgeni kwao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, habari ya mlima ule ina swali ambalo sisi wakimbizi tumeulizwa na maisha yenyewe: mtu aondoke saa ngapi? Akiondoka mapema wanamwita mwoga. Akichelewa, wanabaki kumlilia.

YALIYOTOKEA

Hebu tuyataje kwa tarehe, maana tarehe zenyewe zinafundisha.

Jumatatu tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko ulikatika jioni juu ya kijiji cha Nametsi huko Bududa. Udongo ulifunika kituo cha biashara pamoja na zahanati. Miili karibu 100 ilifukuliwa. Wengine wengi hawakuonekana tena, na mpaka leo idadi ya waliokufa siku ile inatajwa kwa makadirio tu.

Mwezi Juni 2012 udongo uliporomoka tena Bududa, upande wa Bumwalukani, ukazika nyumba na watu.

Tarehe 11 Oktoba 2018 mlima ulikatika juu ya mto Suume, huko huko Bududa. Udongo na mawe makubwa vikaingia mtoni, mto ukavibeba mpaka chini penye maduka na nyumba za watu. Watu zaidi ya 40 walikufa. Desemba 2019 ikawa tena, Bududa na Sironko.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 zamu ilikuwa ya mji wa Mbale wenyewe. Mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaingia mitaani. Watu zaidi ya 20 walikufa, na baadhi yao walikuwa ndani ya gari lililosombwa na maji. Mabomba yaliharibika, na mji uliokuwa umejaa maji ukakosa maji ya kunywa.

Na Jumatano tarehe 27 Novemba 2024, wilayani Bulambuli, udongo ulifunika nyumba katika kijiji cha Masugu na vijiji vya jirani. Miili zaidi ya 20 ilipatikana, na wengine walitafutwa kwa siku nyingi bila kuonekana.

Sasa hesabuni miezi: Machi, Juni, Julai, Oktoba, Novemba, Desemba. Mnaona? Karibu mwaka mzima. Mtu anayesema "masika yamekwisha, sasa tulale" hajazitazama tarehe hizi. Kule mlimani kalenda haitoshi. Inabidi kutazama mvua yenyewe na ardhi yenyewe.

Tena angalieni mahali. Nametsi na Masugu walikuwa kwenye miteremko. Lakini wale wa mto Suume na wale wa Mbale mjini wengi walikuwa chini, karibu na mto, mahali ambapo mgeni angeona ni pazuri na salama. Mlima ukikatika juu, mto ndiyo barabara yake ya kushukia. Na mvua inaweza kunyesha juu tu, huku mjini watu wakiona mawingu kwa mbali, halafu maji yakawafikia usiku.

KWA NINI UDONGO UNATEMBEA

Wengine wanasema ni laana, wengine wanasema ni joka linalokaa chini ya mlima. Hatutaki kubishana na imani ya mtu. Lakini kazi ya udongo na maji inaeleweka, na ikieleweka mtu anaweza kujikinga.

Mlima Elgon ni volkano ya zamani sana iliyozimika. Kilele chake cha juu, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Moto ule wa zamani ndio ulioacha udongo mzuri unaozaa kahawa, matoke, vitunguu na maharagwe. Ndiyo maana watu wamejaa pale tangu zamani, na Wagisu, wanaouita mlima huo Masaba, wameulima mpaka kwenye miteremko mikali. Udongo unaowalisha ndio huo huo unaowazika. Ni jambo gumu kulitafakari.

Chukueni mfano wa blanketi lililowekwa juu ya paa la bati. Likiwa kavu linatulia. Lowesha blanketi hilo kidogo kidogo: linakuwa zito, na chini yake bati linateleza. Itafika dakika moja litashuka lote kwa pamoja, bila mtu kulivuta. Mlima uko hivyo. Udongo mnene umekaa juu ya mwamba au juu ya tabaka la mfinyanzi. Mvua ya siku nyingi inaingia ndani, udongo unakuwa mzito, na chini panateleza. Halafu mvua moja kubwa inamalizia.

Kwa hiyo mvua ya leo peke yake siyo kipimo. Ulizeni: imenyesha siku ngapi mfululizo? Ardhi ilikuwa imeshashiba kabla ya leo?

Binadamu naye anaongeza. Mizizi ya miti ni kama misumari inayolishika blanketi lile. Tukikata miti yote tumeing'oa misumari. Tukichimba mteremko ili kupata uwanja wa nyumba, tumeondoa kitu kilichokuwa kinauegemeza udongo wa juu. Tukiacha maji ya paa na ya njia yamwagike popote, tunayaelekeza ndani ya ufa. Kupanda miti kunasaidia, na mifereji inasaidia. Lakini tusidanganyane: kwenye mteremko mkali ulioloa, miti peke yake haiwezi kuzuia kila kitu.

KWA NINI WATU HAWAONDOKI

Hapa tunaomba tusiwe wepesi wa kuhukumu. Tumesikia watu wakisema, "Hao wa Bududa walipewa ardhi Kiryandongo, mbona wengine walirudi kwenye hatari? Hawana akili?"

Jamani, sisi ndio wa kusema hivyo? Nani kati yetu hajaota usiku shamba lake la nyumbani? Kule juu mtu ana kahawa aliyopanda babu yake. Ana makaburi ya wazee. Ana hali ya hewa ya baridi, maji ya chemchemi, soko analolijua, lugha yake. Huku alipewa kipande cha ardhi kwenye jua kali, aanze upya na kilimo kingine. Wengine walivumilia, na leo ni majirani wazuri. Wengine walishindwa wakarudi. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwahamishia wengine Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, ili wasiwe mbali sana na kwao. Hata hivyo wengi bado wako mlimani. Hawakosi habari ya hatari. Wameizika familia yao hapo. Lakini mtu anakula kwenye shamba, hali kwenye habari.

Basi tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni KUHAMA. Kuhama ni kuacha ardhi kabisa. Hilo ni kubwa, linahitaji ardhi nyingine, fedha, shule, serikali. Baba wa nyumba hawezi kuliamua peke yake jioni moja mvua ikinyesha.

La pili ni KUONDOKA. Kuondoka ni kulala kwingine usiku mmoja, mbili, au wiki, mpaka ardhi ikauke kidogo. Hilo halihitaji hati ya ardhi. Linahitaji ndugu au jirani mwenye nyumba mahali pazuri, na watu wa nyumba waliokwisha kupatana.

Wengi wanakosa la pili kwa sababu wanalingojea la kwanza. Mazungumzo yenyewe tunayajua:

"Baba Fulani, leo tukalale kwa shemeji kule mgongoni."

"Mama, mvua hii tumeizoea. Na mbuzi je? Na tukirudi tukute wameiba sufuria?"

"Basi watoto waende."

"Usiku huu? Kesho tutaona."

Hakuna mjinga katika mazungumzo hayo. Mbuzi ni kweli, na wezi ni kweli. Tena tuseme ukweli mwingine ambao washauri wengi hawapendi kuusema: mara nyingi mtakapoondoka, hakuna kitakachotokea. Mtarudi asubuhi mkute nyumba imesimama, na majirani wanacheka. Mtaondoka mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu watoto wenyewe watalalamika.

Hiyo ndiyo bei yake. Ni kuchekwa, ni usingizi mbaya, pengine ni kuku mmoja aliyepotea. Sisi tuliowahi kusubiri "kesho tutaona" katika nchi zetu tunaijua bei ile nyingine. Kuondoka mara tano bila sababu ni rahisi kuliko kubaki mara moja kwa makosa.

DALILI ZA KUTAZAMA

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Na mlima una mawingu yake. Anayeishi au kufanya kazi kwenye mteremko atazame haya:

1. Nyufa mpya ardhini, juu ya nyumba au shambani, hasa zinazozidi kupanuka. Pigeni kigingi kila upande wa ufa na mpime kwa kamba. Kamba ikikaza, ardhi inatembea.

2. Milango na madirisha yaliyokuwa yanafunga vizuri yanaanza kukwama, au ukuta na sakafu vinapasuka.

3. Miti, nguzo au uzio unaoanza kuinama upande mmoja.

4. Chemchemi mpya inayotokea mahali pasipokuwa na maji, au chemchemi ya zamani inayokauka ghafla.

5. Maji ya mto yanabadilika kuwa matope mazito, au mto unapungua ghafla wakati mvua inanyesha. Hili la mwisho linawadanganya wengi. Wanafurahi, "Mto umeshuka!" Kumbe huko juu udongo umeuziba, na ukifunguka utakuja wote pamoja.

6. Sauti ya kunguruma kutoka juu, kama lori linalokuja mahali pasipo na barabara, au kelele za miti kuvunjika na mawe kugongana. Hapo hakuna kungoja wala kubeba kitu. Kimbieni kando, mwende mahali pa juu. Msikimbie kufuata bonde kuelekea chini, kwa sababu udongo nao unapita hapo hapo.

Kwa mafuriko kumbukeni: maji yanayokimbia yakifika katikati ya muundi wa mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika magotini yanaweza kusukuma gari dogo. Usiku hamwoni kina wala shimo. Dereva akisema "tutapita tu", abiria ana haki ya kushuka. Ni heri kulala stendi.

Na maji yakishapungua, kazi haijaisha. Vyoo vya shimo vimefurika na kuingia visimani. Chemsheni maji ya kunywa, au mtumie dawa ya kusafisha maji. Mtu akiharisha sana, apewe maji ya chumvi na sukari na apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

MAKUBALIANO YA NYUMBA

Sehemu hii tunaomba kila familia isome kwa sauti. Mpango usiokuwa na makubaliano ya watu wa nyumba utakwama mlangoni. Kwa hiyo jioni moja isiyo na mvua, kaeni chini mpatane mambo matano.

La kwanza: NI NANI ATASEMA "TWENDE"? Patana kwamba yeyote kati ya baba na mama akisema, mwingine habishi mpaka mfike. Ubishi utafanyiwa kule mlikokwenda. Na baba akiwa safarini, mama asingoje simu yake. Mama akiwa hayupo, mtoto mkubwa apewe ruhusa hiyo mapema. Wengi wamepotea wakimngoja mkubwa wa nyumba arudi.

La pili: NI KITU GANI KITATUONDOA? Chagueni dalili mapema, kwa mfano mvua ya siku tatu mfululizo, au ufa mpya, au maji kufika kwenye jiwe fulani mnalolijua mtoni. Mkichagua kabla, siku ile hamtapima tena kwa woga wala kwa ujasiri. Jiwe limefunikwa, basi, tunaondoka.

La tatu: TUNAKWENDA WAPI, NA KWA NJIA GANI? Siyo "kwa ndugu" tu. Nyumba ya nani? Ameshaambiwa? Njia inavuka daraja au bonde? Kama inavuka, tafuteni nyingine. Iendeni mchana mmoja pamoja na watoto, ili hata gizani miguu iijue. Mkipotezana, mtakutana wapi?

La nne: NANI ANABEBA NANI? Bibi asiyeweza kutembea, mtoto mchanga, mtu mwenye ulemavu, mama mjamzito. Kila mmoja awe na mtu wake kwa jina. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna mtu.

La tano: MFUKO WA MLANGONI. Wekeni pamoja, ndani ya kavera lililofungwa vizuri, kitambulisho cha ukimbizi, cheti cha familia, kadi ya chakula, kadi za kliniki za watoto, na vyeti vya shule. Ongezeni dawa za yule anayezinywa kila siku, awe ni mgonjwa wa presha, sukari, kifafa au anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI. Halafu tochi, chupa ya maji, shuka moja na fedha kidogo. Namba muhimu za simu ziandikwe kwenye karatasi, maana simu huzimika siku ile ile inapotakiwa.

Kuhusu mbuzi na sufuria, msidharau. Jadilianeni na majirani mapema: mifugo ihamishwe mchana wingu likiwa bado mbali, na vijana wachache wa kijiji wapange ulinzi kutoka mahali salama. Mtu akijua mali yake inaangaliwa, miguu yake inakuwa myepesi.

KWA WALE WANAOKWENDA MBALE

Vijana wetu, hapa tunasema na ninyi.

Kumbukeni tulivyosema juu ya Nametsi, kwamba idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio. Mahali kama pale, wenyeji wanatafutana kwa majina. Ukoo unasema, "Kwetu wanakosekana wanne." Sasa kibarua aliyekuja juzi, analala stoo ya tajiri wake, hana shangazi kijijini, nani atasema anakosekana? Mgeni anaweza kuzikwa na udongo asihesabiwe hata kidogo. Na nyumbani huku mama yake anaendelea kupiga simu isiyopatikana.

Kwa hiyo ukifika, fanya mambo haya manne:

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, ujitambulishe, umwambie mnakaa wangapi chumbani na majina yenu. Si jambo la kuogopa. Ni haki yako na ni desturi ya nchi.

Kabla ya kulipa kodi ya chumba, uliza wenyeji, "Mwaka 2022 maji yalifika wapi hapa?" Watakuonyesha alama ukutani. Chumba cha bei rahisi kando ya Nabuyonga au Namatala mara nyingi kina sababu ya urahisi wake.

Ukipewa kazi ya kuchimba mteremko wakati wa mvua, usisimame chini ya ukuta wa udongo uliokatwa wima. Hakuna mshahara wa siku unaolingana na hilo.

Na piga simu nyumbani. Mwachie mtu mmoja huku jina la kijiji unacholala na namba ya jirani yako wa kule.

Redio nazo zisikilizwe. Wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda hutoa utabiri wa kila msimu, na redio husoma. Chama cha Msalaba Mwekundu kina watu wa kujitolea vijijini huko, wajueni. Huko Butaleja, ambako mto Manafwa unashukia ukitoka upande wa Bududa, mwaka 2014 waliwekewa ving'ora vinavyotumia umeme wa jua ili kuwaamsha watu maji yakipanda. Ni jambo jema sana. Lakini king'ora hulia tu. Hakimwambii mtu alale kwa nani. Hayo lazima yawe yameshapatanwa nyumbani.

NA KWETU HAPA JE?

Msije mkasema tumeongea ya watu na kusahau ya kwetu. Huku hatuna mteremko wa kukatika, lakini tuna radi. Wengine wenu mnakumbuka mwezi Juni 2011 radi ilipoipiga shule ya msingi ya Runyanya, hapa hapa Kiryandongo, ikaua watoto zaidi ya 15 darasani. Na tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, watu 14 waliuawa na radi wakiwa wamekusanyika kwa ibada chini ya paa moja.

Somo ni lile lile la mlima: ondoka mapema. Mkisikia ngurumo ya kwanza, mpira usimame, shamba liachwe, foleni ya maji ivunjike. Msijikinge chini ya mti. Ingieni kwenye jengo la matofali lililofungwa, ama ndani ya gari lenye bodi ya chuma. Ndani ya nyumba kaeni mbali na ukuta, nguzo, waya na vyuma. Kibanda cha bati au cha nyasi kinazuia mvua tu, radi hakiizuii. Msisongamane mahali pamoja. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, msiogope kumshika. Msaidieni haraka na mumpeleke kituo cha afya.

Tunawaomba wazazi waulize kwenye mkutano wa shule: jengo letu lina kifaa cha kukinga radi? Mwalimu ana maagizo gani mawingu yakifunga? Msiulize kwa ugomvi, lakini ulizeni mpaka mjibiwe. Kama hampati jibu, pelekeni swali kwa kamati ya wakimbizi na kwa kamanda wa makazi. Ofisi ya Waziri Mkuu inayotushughulikia sisi wakimbizi ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia maafa katika nchi nzima, kwa hiyo mlango ni mmoja.

ZUNGUMZENI NYUMBANI

Kama kawaida ya ukurasa huu, tunawaachia maswali ya kuzungumza jioni baada ya chakula:

1. Hapa kwetu nani ana ruhusa ya kusema "twende", na tutamtii kweli?

2. Karatasi zetu ziko wapi usiku huu? Mtoto wa miaka kumi anaweza kuzipata gizani?

3. Nani katika jamaa yetu anaishi karibu na mto au chini ya mteremko, na tuna namba ya jirani yake?

4. Tuliwahi kuondoka mapema mahali fulani na watu wakatucheka? Waelezeni watoto habari hiyo bila aibu.

Tena tunawaomba mfanye jambo moja zaidi. Mkikutana na jirani kutoka Bududa, mkaribisheni chai, mkamwulize jinsi mlima ulivyoonyesha dalili kabla ya siku ile. Wao wanajua mambo ambayo hayako kwenye ukurasa wowote, na pengine hakuna aliyewahi kuwauliza. Tuleteeni majibu yao, tuyachape mwezi ujao pamoja na maswali yenu.

Mpaka hapo tutakapokutana tena, tunawatakia nyumba kavu na usingizi mwema.